Yule wa Uzi wa Kijani

Yule mbwa jike alizaa kwenye stoo ya jiko la zamani kule shambani Oldeani, juu ya magunia ya kahawa niliyokuwa nimeyafua mara mbili. Alizaa watoto tisa. Mmoja alitoka amekufa, wakabaki wanane, watano weusi na watatu wa rangi ya mahindi makavu. Niliandika kwenye daftari saa aliyotoka kila mmoja kwa sababu niliagizwa niandike, lakini kufika wa sita nilikuwa nimechoka, na huenda wa sita na wa saba nimewageuza. Sijarekebisha mpaka leo.

Aliyeniagiza ni mama niliyekuwa nampikia. Yeye na mumewe walikuwa wageni waliosimamia lile shamba miaka mingi. Mkataba wao ulikwisha jike akiwa na mimba kubwa, na mbwa mwenye mimba hapandishwi ndege. Mama alilia pale jikoni mpaka nikampa kitambaa cha vyombo ajifute, maana kingine hakikuwa karibu.

"Nakuachia wewe," akaniambia. "Mama yao ukae naye. Watoto uwape watu wazuri. Usimpe mtu kwa sababu ameomba tu."

Akaniachia nyuzi za sufu za rangi mbalimbali za kuwafunga shingoni, ili nimjue kila mmoja, na karatasi ya maswali ya kumuuliza kila anayetaka mtoto. Una uzio? Mbwa atalala wapi? Nani atashinda naye mchana? Yule mbwa wako wa mwisho alikufaje? Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, ilikuwa imeandikwa: nenda ukaone nyumba kwa macho yako kabla ya kutoa.

Hawa mbwa ni wa aina wanayoiita labrado. Wana kichwa kipana, mkia mnene na manyoya ya kulala. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba na sijui vitabu vinasema nini juu yao, lakini yule mama yao nilikaa naye miaka saba, kwa hiyo siwezi kusema sikumjua. Alimpokea kila mtu. Mwaka mmoja kuna mtu aliruka ukuta akaingia kuiba kahawa iliyoanikwa, na mbwa akatembea naye bega kwa bega mpaka kwenye vitanda vya kuanikia, amembebea kofia yake iliyodondoka. Tulicheka sana siku ile. Nalitaja hili mapema ili isije ikaonekana kwamba nilikuja kulijua baadaye.

Watoto walipofika wiki tano niliwahamishia kwangu, pembeni ya mji wa Karatu, ndani ya pikapu ya shamba. Nilikuwa nawapa uji wa dona uliochanganywa na dagaa waliotwangwa. Niliwapima kwenye sahani ya mzani wa kupimia maharage, mmoja mmoja, kila Jumamosi, na majirani walikuwa wanakuja kuangalia.

"Mama, umefungua kliniki?" jirani mmoja aliniuliza. "Huyu wa kwangu wa mwisho hajapimwa tangu azaliwe, nimlete?"

Nilifua matambara kutwa. Niliwapa dawa ya minyoo, nikamwita bwana mifugo akawachanja. Mikono yangu ilinuka dagaa hata kanisani. Sisemi nilifanya zaidi ya mtu mwingine. Ng'ombe wa maziwa anataka kazi kubwa kuliko hiyo na hakuna anayemwandikia mfugaji wake sifa.

Yule wa uzi wa kijani alikuwa mweusi, mkubwa kuliko wenzake, na hakuwa na haraka. Wenzake wakikimbilia sahani, yeye alikuja nyuma akitembea. Kuku wa jirani alimdonoa puani akakaa chini, akamtazama yule kuku kama anangoja aelezwe sababu. Mtu akikaa kwenye kigoda, yeye alikuja kumlalia mguuni. Nilijizuia nisimpende zaidi ya wengine, na kwenye daftari nimeandika habari zake sawa na za wengine, mistari mitatu kwa kila wiki. Nikisoma sasa naona mistari yake ni mirefu.

Habari zilienea kwamba ninagawa mbwa wa kizungu. Watu wakaja. Na kila aliyekuja, kabla ya kumshika mtoto, aliuliza swali moja: ni mkali? Huku kwetu mbwa ni kwa ajili ya mwizi. Mbwa asiyeuma ni sawa na panga lisilo na makali, unamlisha ili iweje. Mimi nilikuwa nawajibu, "Bado ni watoto." Ni kweli walikuwa watoto. Lakini nilijua wanauliza nini, na nilijua jibu, na nilijua pia kwamba nikilitoa nitabaki na mbwa wanane wanaokula kama nguruwe.

Saba walipata kwao. Nilikwenda kuona kila nyumba, kwa miguu au kwa pikipiki, na karatasi yangu kwenye mfuko wa nailoni. Mwenye loji mmoja alichukua wawili ili wageni wake wapige nao picha, na wale wamenenepa kupita kiasi. Mwalimu wa sekondari alichukua mmoja ambaye analala sebuleni. Wengine wanne wako kwa watu wa kawaida, wamefungwa mchana na kufunguliwa jioni kama mbwa wote. Si maisha aliyoyataka yule mama, lakini si mabaya, na walionipokea walinijibu maswali yangu yote bila kunicheka mbele yangu.

Akabaki wa kijani. Tangu mwanzo alikuwa na mtu anayemtaka.

Mtu huyo alikuwa mlinzi wa geti kwenye loji ya jirani, Mmasai wa Piyaya. Asubuhi akitoka zamu alipita kwangu, na shuka lake bado lina ubaridi wa usiku. Siku ya kwanza alisimama nje ya ua.

"Yeyo," aliniita hivyo, kama mama yake. "Hawa wakikua watauma?"

"Bado ni watoto."

"Naona ni watoto. Nauliza wakikua."

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka asiyeuma."

Nilicheka. Katika watu wote waliokuja alikuwa wa kwanza. "Mbwa asiyeuma ni wa kazi gani kwenu? Fisi mtamfukuza kwa kumwimbia?"

"Kubweka anabweka?"

"Anabweka."

"Inatosha. Kuuma tutauma wenyewe."

Akaingia akakaa, na wa kijani akaja akalala juu ya makatambuga yake. Akanieleza bila kupandisha sauti. Bomani kwao walikuwa na mbwa watatu wakali. Mmoja alipata kichaa akamuuma mtoto wa mdogo wake, mtoto wa miaka sita. Jeraha lilikuwa dogo, wakaliosha na kulisahau. Walipokuja kuelewa, mtoto alikuwa hawezi kumeza maji, na hakuna hospitali ya kumrudisha mtu kutoka hapo. Tangu siku hiyo watoto wa boma lile wakiona mbwa wanapiga kelele, hata mbwa wa mbali. Wengine hawachungi tena upande wenye mbwa. Alitaka mbwa mmoja mpole, aliyechanjwa, akulie mikononi mwao ili waache kuogopa.

"Amechanjwa?" akauliza. Katika wote waliokuja, ni yeye peke yake aliyeuliza.

Nikatoa karatasi yangu. Uzio anao? Anao, wa miiba. Mbwa atalala wapi? Na wanambuzi, kuna joto. Nani atashinda naye mchana? "Yeyo, kwetu nani anashinda peke yake?" Mbwa wako wa mwisho alikufaje?

"Nilimuua mimi. Kwa mkuki. Ni yule wa kichaa."

Niliandika majibu yake. Kwenye swali la mwisho niliandika neno moja, "amemuua," na sikuandika kwa nini. Sijui kama ni uchovu. Napenda kuamini ni uchovu.

Alipita kila asubuhi karibu wiki tatu. Hakuomba tena, alikaa tu dakika kumi na mbwa miguuni, akaenda kulala. Mimi nilikuwa sijasema ndiyo wala hapana. Nilijiambia Piyaya ni mbali, huko kuna chui, kuna njaa ya kiangazi. Kwa haki niseme kwamba chui wapo kweli. Lakini sikuwaza chui nilipompeleka mmoja ukingoni mwa msitu wa Oldeani, ambako chui huchukua mbwa za watu kila mwaka.

Ndipo akaja kaka yangu. Kaka ni mkubwa wangu, mkulima wa kijiji cha Daa, ana kondoo na mbuzi. Mume wangu alipofariki, kaka alikuja kulima shamba langu misimu miwili bila kuitwa, na jembe lake mwenyewe. Lazima niliandike hili kabla sijaandika mengine juu yake.

"Mdogo wangu," akasema akishuka kwenye pikipiki, "unagawia mji mzima mbwa wa polisi, mimi nasikia sokoni?"

"Shikamoo kaka. Siyo wa polisi."

"Marahaba. Si ni wa wazungu? Ni haohao." Akamnyanyua wa kijani kwa ngozi ya shingo, akamtazama makucha. "Huyu ana mguu kama wa fisi. Mwizi akimwona huyu atajikojolea."

Wezi walikuwa wanamsumbua mwaka ule. Nilijua anachotaka, na nilijua alichokishika mkononi. Ningeweza kusema, kaka, huyu atambebea mwizi kofia. Nikasema, "Bado ni mtoto." Nikamwomba anipe mpaka kesho.

Asubuhi yake mlinzi alipita, nikamwambia siwezi kumpa mbwa kwa sababu sijaona kwake, na karatasi inasema nione.

"Twende," akasema. "Jumatatu naanza likizo. Kuna lori la mnada linapanda, utakaa mbele na dereva. Mke wangu atakupikia."

"Goti linaniuma."

Goti lilikuwa linauma. Haliumi kiasi cha kushindwa kukaa mbele ya lori. Alilitazama goti langu, akasema pole.

Mchana kaka akamchukua mbwa. Karatasi yake niliijaza mwenyewe nyumbani, kwa kukumbuka. Kwa kaka sikwenda kuona kwa kuwa ninapajua, na kwa yule sikwenda kwa kuwa sipajui.

Kesho yake mlinzi alikuja na kibuyu kidogo cha maziwa. Alikuwa amemwagiza mtu amletee kutoka nyumbani, kwa ajili ya mbwa azoee ladha ya huko kabla ya safari. Alidhani goti litapona.

"Yuko wapi?"

"Kaka yangu amemchukua. Daa."

"Umeshaona kwake?"

"Ni kaka yangu."

Aliweka kibuyu juu ya kigoda. "Wape waliobaki," akasema, na hakuna aliyebaki ila yule jike mzee.

Miezi ya mwanzo kaka alinipigia simu akicheka. "Mbwa wako amempokea mgambo. Amempokea na yule anayetudai michango ya zahanati, akamlamba mkono. Mimi mwenyewe simlambi yule." Nami nilicheka. Nikamwambia, mpe muda. Hiyo ilikuwa mara ya pili ningeweza kusema ukweli, na simu ilikuwa na chaji.

Halafu asubuhi moja ya ukungu wezi waliondoka na kondoo wanne. Mwanamke aliyekuwa anakwenda kisimani aliwaona. Alidhani ni wenyewe wanahama, kwa sababu mbwa wa nyumba alikuwa anawafuata nyuma anatikisa mkia. Mbwa alirudi peke yake saa sita mchana, na kipande cha kamba ya kondoo mdomoni, akakiweka miguuni pa kaka.

Daa nzima ilicheka. Kilabuni walimwuliza kaka kama wezi wanamlipa mbwa au anajitolea. Walimwuliza kama anaweza kuwaazima mbwa huyo kwenye harusi, awapokee wageni. Kaka ni mtu anayesikilizwa kwenye vikao. Alikaa wiki mbili bila kwenda.

Akaamua kumfanya mbwa awe mbwa. Alichofanya hakukibuni. Alimkata masikio, kama mbwa wote wa kwetu wanavyokatwa, maana inasemwa mbwa aliyekatwa masikio husikia vizuri na huwa mkali. Baba yetu aliwakata mbwa wote wa nyumbani, na mimi ndiye niliyeshika miguu ya nyuma, nikiwa na miaka minane, kwa sababu nilikuwa na mikono yenye nguvu. Baba aliwakata wakiwa wadogo, wiki mbili tatu. Kaka alimkata akiwa na karibu mwaka. Kisha akamfungia kwenye banda lisilo na dirisha, akakataza watoto wasimsogelee, chakula chake kinatiwa pilipili na kusukumwa kwa fimbo. Haya nimeambiwa na kaka mwenyewe. Hakuficha, kwa kuwa kwake halikuwa jambo la kuficha.

Simu iliyofuata alikuwa na furaha. "Mdogo wangu, ameanza kuuma."

Baada ya wiki moja akapiga tena, na sauti nyingine. Mbwa alikuwa amemuuma mjukuu wake mkononi, binti wa miaka mitano ambaye kwa siri alikuwa anampelekea ugali usio na pilipili. "Mtoto anakwenda kuchomwa sindano zote," akasema. "Mbwa wako njoo umchukue, au nimmalize."

Nilikwenda siku ileile, na goti langu. Mara ya kwanza kwa miaka minne nilisimama kwenye ua wa kaka na kuutazama kama ua wa mtu mwingine. Banda lilikuwa chini ya kihenge cha mahindi. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya kidonda. Masikio yalikuwa yameoza kwenye kingo, na inzi. Nilimwita kwa mluzi niliokuwa nawaitia uji. Alinguruma.

Kaka alikuwa amekaa kwenye jiwe, hanitazami.

"Umemfanyaje, kaka?"

"Nimemfanya kama baba."

"Huyu si wa aina ile."

"Nani aliniambia si wa aina ile?"

"Mimi sikukuambia ni mkali."

"Hukuniambia si mkali," akasema. "Ungeniambia ningechukua mbwa wa mtaani, na kondoo wangu wangekuwepo, na mtoto asingeumwa. Mimi nilikuja kwako kwa sababu ni wewe."

Nilirudi na mbwa amefungwa mdomo kwa khanga ndani ya gunia, mwenye pikipiki akilalamika. Mtoto alipona, ana kovu. Kaka na mimi tunasalimiana.

Masikio yalichukua miezi miwili kukauka. Bwana mifugo alimchunguza, akasema kichaa hana. Mama yake alimnusa siku ya kwanza, kisha akaenda kulala upande mwingine wa nyumba. Alipoanza kukubali kamba, nilikwenda getini kwa mlinzi. Sikujua nitasema nini, nikasema tu kwamba yule wa kijani amerudi, na kama bado anamtaka, safari hii nitapanda lori.

Alikuja asubuhi, baada ya zamu. Hakukaa kwenye kigoda, alichuchumaa mbali, akaweka mkono chini, kiganja juu. Tulingoja muda mrefu. Mbwa alisogea, akanusa vidole, nikaanza kutumaini. Kisha akauma. Mlinzi hakuvuta mkono wala hakumpiga. Alingoja mpaka meno yalipoachia, akajifuta damu kwenye shuka ambako haionekani.

"Amechanjwa?" akauliza.

"Amechanjwa."

"Siwezi kumpeleka, yeyo. Kule kuna watoto."

"Labda akizoea."

"Labda. Lakini mtoto wa kumzoeza ni wa nani?"

Nilimwambia nilikosea. Akasema anajua. Alisema kwa upole, kama mtu aliyeambiwa saa ngapi na tayari alikuwa na saa. Mwezi uliofuata loji ilimhamisha, na sijui kama watoto wa boma lile bado wanapiga kelele.

Sasa watu wanakuja tena. Wanasimama barabarani wanamsikia akibweka, wanaona masikio, wanasema huyu sasa ndiye mbwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuja wiki iliyopita kumwomba kwa heshima kabisa.

"Anauma," nikamwambia. "Ameuma mtoto, na ameuma mtu mzima aliyemfuata kwa wema."

"Ndiyo maana namtaka, mama."

Safari hii nilisema nitakwenda kwanza kuona. Nilikwenda kwa miguu. Ni ua wa saruji, mabati yamezunguka, mnyororo umechomelewa kwenye nguzo, hakuna kivuli baada ya saa nne. Yule bwana alinionyesha kila kitu bila kificho, akaniuliza mbwa anakula nini. Si mtu mbaya. Nikakataa, akashangaa, akauliza basi mbwa kama huyo nitamfanyia nini mimi mjane.

Nimemtengenezea waya mrefu nyuma ya nyumba, kutoka mti wa parachichi hadi ukuta wa jiko, anakimbia urefu wake akitaka. Hajanilalia mguuni. Chakula hali nikimtazama, kwa hiyo namwekea sahani, nageukia ukuta, nangoja mpaka nisikie amemaliza.